Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya bwawa letu: tuta linavuja na mvua ziko njiani

KWA: Waheshimiwa wote mliokabidhiwa bwawa letu, kuanzia ofisi ya maji ya wilaya, bodi ya bonde, halmashauri, mpaka viongozi wa chombo chetu cha watumia maji.

YAH: TUTA KUTOA MAJI YENYE TOPE, UTORO WA MAJI (NJIA YA KUTOLEA MAJI YA ZIADA) KUZIBWA NA VIROBA, NA WANANCHI WANAOISHI CHINI YA BWAWA KUTOAMBIWA CHOCHOTE

Waheshimiwa, salaam. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mkazi wa kijiji kilichopo chini ya bwawa, huku Kanda ya Kati, na maji ya hilo bwawa ndo ninayokunywa mimi na wanangu. Jina la bwawa sitaji hapa na la ofisi pia sitaji, sababu barua zenye majina, tarehe na picha mnazo tayari, zimegongwa muhuri wa kupokelewa na hakuna hata moja iliyojibiwa. Tumesema kwenye mkutano wa kijiji ikaingia kwenye muhtasari, diwani kaulizia kwenye vikao, mwenyekiti kafunga safari mpaka ofisini akaambiwa injinia yuko site arudi wiki ijayo, karudi wiki ijayo injinia yuko semina. Simu tuliyowahi kupigiwa ilikuwa ya kutuuliza nani anasambaza zile picha za tuta kwenye grupu la WhatsApp la kijiji. Kwa hiyo naandika hadharani, sio kumchafua mtu, naandika kwa sababu mvua za huku zinaanza mwishoni mwa Novemba na bwawa likishajaa hakuna fundi atakayeweza kufanya kitu pale.

Naomba niseme kwanza kwamba hili bwawa tunalipenda. Kabla halijajengwa mama zetu walikuwa wanaamka saa nane tisa usiku kwenda kufukua visima kwenye mchanga wa korongo, anachota kwa kata mpaka ndoo ijae, ikifika asubuhi foleni ya ng'ombe na watu imechanganyika. Sasa hivi kuna vilula, tunalipa shilingi 50 kwa ndoo, watoto wanawahi shule, kuna birika la kunyweshea mifugo, watu wanalima mboga kiangazi. Serikali ilifanya kazi kubwa na hakuna anayebisha. Ndo maana inauma zaidi, maana kitu chenye faida namna hii kinaachwa kife polepole wakati matengenezo yake mengi ni ya jembe, toroli na akili.

Na wale wanaosema "si lambo tu la udongo, mlitegemea nini" naomba tuelewane. Bwawa la udongo sio bwawa la hovyo. Nairobi sehemu kubwa ya maji yake inatoka Ndakaini, kaunti ya Murang'a, na Ndakaini ni tuta la udongo, kimo mita 65, lilikamilika mwaka 1994, linashika maji mita za ujazo milioni 70. Hapa kwetu Hombolo kule Dodoma lilijengwa mwaka 1957. Udongo ukishindiliwa vizuri na ukaangaliwa unakaa miaka na miaka. Lakini udongo haukai wenyewe bila kuangaliwa, zege ukiliacha mwaka mzima unaweza ukalikuta vile vile ila tuta la udongo ukiliacha mwaka mzima mvua, miti, mchwa, ng'ombe na bodaboda vyote vinafanya kazi yao kila siku. Hapo ndipo malalamiko yetu yanapoanzia.

1. Maji yanayotoka chini ya tuta

Hili ndo kubwa kuliko yote na nitalieleza kwa kirefu.

Ukisimama chini kabisa pale tuta linapoishia upande wa kijijini, karibu na bomba kubwa la kutolea maji linapotokeza, utakuta majani ya kijani na vyura kiangazi chote wakati kila mahali pengine pamekauka mpaka ardhi imepasuka. Mwanzoni palikuwa panalowa tu, hamna mtu aliyejali, watoto walikuwa wanachunga mbuzi pale. Baadae maji yakaanza kutembea, membamba, safi kabisa, kuna watu walikuwa wanakinga wanakunywa. Safari hii yamebadilika rangi. Nimekinga kwenye chupa ya plastiki ya lita moja na nusu nikaiacha dirishani mpaka kesho yake asubuhi, chini ya chupa kuna tope laini upana wa kidole, na lile tope ni mfinyanzi mwekundu ule ule uliotumika kujengea tuta, sio udongo mweusi wa bondeni. Picha ya hiyo chupa mnayo.

Waheshimiwa mnajua kuliko mimi kwamba kila bwawa la udongo linavuja kidogo na hilo sio tatizo, ndo maana linajengewa mfereji wa mchanga na kokoto huko chini ili yale maji yapite bila kubeba udongo. Hatari inakuja maji yakianza kutoka na udongo. Maana yake kuna njia imeshaanza kuchimbika ndani ya tuta, inaanzia huku chini yanapotokea na inarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea kwenye maji ya bwawa, na siku ikifika kule kwenye maji haitakuwa tena kidogo kidogo. Na mahali inapopenda kuanzia ni pembeni mwa bomba, kwa sababu kushindilia udongo ukazunguka bomba vizuri ni kazi ngumu na mafundi wengi wanaparuka. Kwetu ni hapo hapo pembeni mwa bomba.

Mtu akisema natisha watu akaangalie yaliyotokea bwawa la Teton, jimbo la Idaho, Marekani. Lilikuwa la udongo, kimo mita 93, limejengwa na serikali yenye mainjinia na pesa za kutosha, ndo kwanza linajazwa mara ya kwanza. Tarehe 5 Juni 1976 asubuhi wakaona maji ya tope yanatoka, wakaleta mabuldoza kusukumia udongo kwenye lile shimo, mabuldoza mawili yakamezwa, na kabla ya saa sita mchana tuta limeshakatika. Watu 11 walikufa. Kutoka tope kuonekana mpaka bwawa kuondoka ni masaa tu ya asubuhi moja, na pale kulikuwa na watu site wanaangalia, na ilikuwa mchana. Sisi kwetu hamna mlinzi hata mmoja.

Kuna kitu kimefanyika pale na lazima nikiseme. Alitumwa fundi akaja na mfuko wa simenti na udongo wa kichuguu akapaziba. Siku chache maji yakakauka watu wakafurahi, halafu yakatokea hatua chache pembeni, sasa hivi yanatokea sehemu mbili. Nimeuliza mainjinia wanaojua mabwawa wote wameniambia kitu kimoja, mahali maji yanapotokea huku chini hapazibwi, ukiziba unafungia presha ndani inatafuta pengine pa kutokea. Kinachotakiwa ni kuyaruhusu yatoke huku umezuia udongo usitoke nayo, yaani unaweka mchanga safi, juu yake kokoto, juu yake mawe ya kugandamizia, halafu unapima kila siku yanatoka kiasi gani na yana rangi gani. Mchanga upo korongoni bure. Kokoto zinagongwa kijijini. Kinachokosekana ni mtaalamu wa kusimama pale aseme wekeni hapa, kiasi hiki.

Na kumbukeni hiki ni kiangazi, bwawa liko nusu. Likijaa presha inakuwa kubwa zaidi ya hii.

2. Utoro wa maji umezibwa

Huu utoro ulijengwa kwa makusudi, bwawa likijaa maji ya ziada yapite pembeni kwenye njia yake ya mawe yasipande juu ya tuta. Tuta la udongo halitakiwi kupitiwa na maji juu hata kidogo, yakishapanda yanaanza kukwangua mgongo wa upande wa chini na hapo hakuna cha kufanya tena zaidi ya kukimbia.

Sasa msimu uliopita wakati mvua zinaelekea kuisha, kwa nia nzuri kabisa sikatai, viongozi wa chombo waliweka viroba vya mchanga kwenye mdomo wa utoro, mistari mitatu kwenda juu, ili bwawa lishike maji mengi zaidi na kiangazi kisitupige. Ofisi ya wilaya ilijua, kuna mtu wenu alikuja akavipiga picha, na hakusema vitolewe. Viroba bado viko pale. Vimeota majani sasa hivi. Chini yake kwenye njia ya kupitishia maji kuna mtu kalima mahindi na mwingine kajenga uzio wa miiba wa kuzuia mbuzi, na wavuvi wamechomeka miti ya kutegea nyavu upande wa ndani ambayo inashika kila takataka inayoelea.

Ule urefu ulioachwa kati ya mdomo wa utoro na mgongo wa tuta haukuachwa kwa bahati mbaya, ni nafasi ya mafuriko na mawimbi ya upepo. Ukiinua mdomo wa utoro kwa viroba umekula hiyo nafasi. Aliyechora bwawa alipiga hesabu zake za mvua kubwa na eneo linalokusanya maji, akatoa upana na kimo cha utoro, halafu sisi tunabadilisha hesabu yake kwa viroba bila kumuuliza mtu. Hili halihitaji shilingi hata moja. Linahitaji mtu mwenye mamlaka aseme toeni, tutatoa jioni moja.

3. Tuta limekuwa barabara

Toka daraja la chini libomoke watu wote wanakatiza juu ya tuta. Bodaboda sawa, lakini sasa kuna Fuso zinapita na mchanga, zinapita mpaka usiku. Katikati ya tuta pamedidimia. Tulivuta kamba kutoka mwanzo mpaka mwisho wa ile sehemu iliyodidimia, pale kati mtu mzima akisimama kamba inamfika juu ya goti. Sasa unganisha na viroba vya namba 2 hapo juu. Maji yakipanda hayatapanda juu ya tuta zima kwa pamoja, yatatafuta pale palipodidimia yote yapite hapo hapo, na chini ya hapo, moja kwa moja, ni shule ya msingi.

Tuliweka gogo kuzuia Fuso, likatolewa. Tuliporipoti tukaambiwa barabara sio kazi ya maji, nendeni kwa watu wa barabara, kule nako tukaambiwa lile ni tuta la bwawa sio barabara. Wote wawili wana haki kwa maneno yao na Fuso zinaendelea kupita.

4. Miti, vichuguu na ng'ombe

Kwa kifupi tu. Upande wa chini wa tuta kumeota migunga ambayo sasa hivi kivuli chake watu wanapumzikia. Mizizi ya mti mkubwa inaingia ndani, mti ukifa mizizi inaoza inaacha tundu, na ukiukata leo bila utaratibu tundu nalo linabaki. Miti michanga inatakiwa kukatwa mapema, na mikubwa mtaalamu aseme itolewe vipi. Kuna vichuguu, kuna mashimo ya kenge. Ng'ombe wanapanda na kushuka popote wanapotaka sababu birika lina ufa halishiki maji tena, kwa hiyo wafugaji wanapeleka mifugo yenyewe bwawani, na kila njia ya ng'ombe ikinyeshewa inakuwa mfereji. Mfereji mmoja mtoto wa darasa la kwanza anaingia mpaka kiunoni. Ukoka uliopandwa wakati wa ufunguzi umebaki vipande vipande.

5. Valvu ya kutolea maji haifunguki

Hii valvu ndo breki ya bwawa. Hatari ikitokea unafungua unapunguza maji. Ya kwetu ina kutu haizunguki, na ufunguo wa chemba haujulikani uko kwa nani, kila mtu anasema uko kwa mwenzake. Maana yake leo hii tukiona tuta linaanza kwenda hakuna namna ya kupunguza maji.

6. Tope na mashamba ya juu

Bwawa linajaa tope. Wazee wanaoogelea humo toka ujana wanasema pale walipokuwa wanapiga mbizi sasa hivi unasimama kifua nje. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za maji, sisi huku watu wanalima mpaka maji yanapoishia, yakirudi nyuma wanayafuata na jembe. Mvua ya kwanza inasomba lote linaingia ndani. Morogoro mjini wanategemea bwawa la Mindu na kila mwaka tunasikia kilio cha tope na kilimo kwenye vyanzo, kama mji mkubwa vile unahangaika sisi kijiji tutaweza wapi. Na tope ndo linalozaa ule mtego wa viroba, bwawa linapungua kina watu wanatafuta maji kwa kuinua utoro badala ya kuzuia udongo kule juu.

Alama za mpaka wa mita 60 hazijawahi kuwekwa. Sikubaliani na mtu atakayekuja kufyeka mahindi ya watu bila kuwaonesha mpaka, wengi wao ni wajane na vijana wasio na shamba lingine. Wekeni alama kwanza, wapeni msimu mmoja wavune, wapeni miche ya malisho au miti ya matunda wapande pale, halafu sheria ifuate.

Na kwenye hilo hilo la ubora, watoto wanaogelea kule kwenye kina kifupi chenye majani na konokono, kichocho kipo, zahanati wanajua. Dawa ya kutibu maji kwenye tenki huwa inaisha na vilula vinaendelea kutoa maji kama kawaida bila tangazo.

7. Watu wa chini hatujaambiwa chochote

Hakuna mtu chini ya bwawa anayejua akisikia nini akimbilie wapi. Hamna king'ora, hamna filimbi, hamna namba ya simu iliyoandikwa pale bwawani, hamna mkutano uliowahi kuitishwa. Shule iko kwenye njia ya maji, zahanati iko kwenye njia ya maji.

Tarehe 9 Mei 2018 usiku, Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo la kwenye shamba la mtu binafsi lilikatika baada ya mvua kubwa. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengine wakiwa vitandani. Baadae mamlaka za maji zikasema halikuwa na kibali. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 mji wa Derna, Libya, mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970, mfinyanzi katikati na mawe kwa nje, yakakatika moja baada ya jingine, watu maelfu wakasombwa mpaka baharini. Mwaka mmoja kabla, mtaalamu wa maji wa kule kule Libya alikuwa ameshaandika kwamba yale mabwawa yanahitaji matengenezo ya haraka. Mwaka 2024 mahakama ikawahukumu maofisa 12 vifungo. Bwawa letu ni dogo mno ukilinganisha na yale, najua, lakini nyumba ya tofali za tope haihitaji mafuriko ya Derna ili ianguke.

Sasa najua mtasema nini, maana mengine tumeshaambiwa kwa mdomo.

Mtasema bajeti hamna mpaka mwaka wa fedha ujao. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na Julai mvua zitakuwa zimeshakuja na kuondoka. Kutoa viroba hakuna bajeti. Kuzuia Fuso hakuna bajeti. Kumleta mkaguzi siku moja ni mafuta ya gari na posho, na gari tunaliona likija kwenye makusanyo ya hela za maji. Sisi tuko tayari kujitolea nguvu kazi, kijiji kizima kilishapitisha, ila hatuwezi kugusa tuta bila mtaalamu sababu tumeshaona fundi wa simenti alichofanya.

Mtasema ni kosa la mkandarasi. Inawezekana, sijui aliwabania nini kwenye kushindilia, ila yeye aliondoka na bwawa lilipokelewa kwa saini. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka mambo ya usalama wa mabwawa wazi kabisa, na kanuni zipo, bwawa lina mwenyewe na mwenyewe ndo anayewajibika kulitunza na kulikagua. Mkamdai mkandarasi mahakamani huku tuta limeshatengenezwa.

Mtasema wananchi wenyewe ndo waharibifu, wanalima kingo, wanapitisha mifugo, wameweka viroba. Ni kweli kwa sehemu na sitetei. Lakini mtu anayeweka kiroba hajui hesabu ya utoro, anayejua ni nyie. Na mfugaji mliyemjengea birika lililopasuka mnataka ng'ombe wake wanywe wapi?

Mtasema bwawa limekaa miaka yote hiyo halijakatika. Tope halikuwepo kwenye yale maji miaka yote hiyo, limekuja sasa.

Mtasema naleta taharuki, na hapa ndo naogopa kidogo. Watu wa mabondeni wanahama wenyewe kwa tetesi kila mvua ikinguruma, mwaka jana kuna familia zililala kilimani na watoto kwa sababu mtu alisema tuta linaenda, na halikwenda. Taharuki inatokana na kukosa taarifa. Mkija mkakagua mkasema kwa maandishi kwamba tuta ni salama, mimi wa kwanza nitaibandika hiyo ripoti kwenye mbao zote za kijiji na kwenye kilula.

Tunachoomba ni hiki, na nimekipanga kwa jinsi kinavyowahi:

Wiki hii, agizo la maandishi la kutoa viroba, uzio, mahindi na miti ya nyavu kwenye utoro, na kuzuia magari makubwa kupita juu ya tuta. Barabara na maji mkae meza moja mmalize nani anaweka kizuizi.

Kabla ya Novemba kuisha, mtaalamu wa mabwawa anayetambulika aje akague tuta lote akiwa na wanakijiji, aangalie hasa pale pembeni mwa bomba, aseme mchanga na kokoto viwekwe vipi, na valvu ifunguliwe ifanye kazi. Pale palipodidimia pajazwe na kushindiliwa kwa tabaka, sio kumwaga kifusi juu juu. Kama mkaguzi ataona hatari ni kubwa, basi msimu huu bwawa lisijazwe mpaka juu, tushushe kiwango. Tutapata shida ya maji kiangazi kijacho na tutaivumilia, tulishaishi na visima vya mchanga.

Mlinzi wa bwawa alipwe kutoka kwenye hela zetu za ndoo, awe na daftari, kila asubuhi aandike kina cha maji, kiasi kinachovuja na rangi yake. Hela za ndoo zipo, mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji tujue zinaenda wapi.

Mkutano na vijiji vyote vya chini kuonesha maji yatapita wapi yakija, watu wakimbilie wapi, nani anapiga filimbi, na shule ifanye mazoezi na watoto.

Mwisho, nakala ya michoro ya bwawa, cheti cha makabidhiano na ripoti ya ukaguzi wa mwisho kama upo. Naviomba kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inawapa siku 30 za kujibu. Siku zinahesabiwa kuanzia barua yangu ya mwisho yenye muhuri wenu, sio kuanzia leo.

Mkija tupo. Njooni asubuhi kabla jua halijakausha, muone wenyewe maji yanavyotoka, chupa tutakuwa nazo. Msiwajulishe viongozi peke yao, tangazeni kwa kipaza sauti kijiji kizima kije, na kama mtahitaji majembe na toroli semeni siku moja kabla.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa chini ya bwawa

Nakala: Mkuu wa Wilaya, Mbunge wa jimbo, Diwani wa kata, Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, Mganga Mfawidhi wa zahanati, mbao za matangazo za vijiji vyote vya chini.